Mjomba Alipanda Lori Bila Kusema Neno

Nachingwea, Jumapili, Agosti 1952

Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ya kupenya mifupa, mchana upepo na vumbi jekundu, na sasa moshi wa watu wanaochoma mashamba unaingia dirishani. Nina vumbi puani, nina malengelenge mawili kisiginoni, na nina hasira. Daftari langu, leo utanivumilia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyesema maneno hayo hakuwahi kutembelewa na mjomba wangu.

Walifika Ijumaa alfajiri, bila barua, bila mtu wa kutangulia na salamu, bila chochote. Mlinzi wa hospitali alipofungua geti aliwakuta wamekaa chini, migongo ukutani, kama watu waliokuwepo tangu hospitali inajengwa. Mama na Mjomba. Wametembea siku sita kutoka kwetu, ng'ambo ya Ruvuma, nchi ya Mreno. Wamevuka mto kwa mtumbwi na kulala kwa ndugu hapa na pale. Mama alikuwa na kuku mmoja aliyebakiza roho kidogo, na mfuko wa karanga.

Karanga, jamani! Kuleta Nachingwea! Mahali ambapo Waingereza wameng'oa pori zima kwa makatapila ili walime karanga, zikawashinda, na mpaka leo ukilitamka neno hilo mbele ya Mzungu anageuza uso. Skolastika, mwenzangu wa bwenini, Mmwera wa Chunyu upande wa Ruangwa, alicheka mpaka akakaa chini. "Mpelekee bwana mkubwa wa mashamba," akasema, "mwambie mbegu yenyewe ndiyo hii." Jioni tulizikaanga tukazimaliza. Zilikuwa tamu, nakubali.

Nieleze kwa nini siku tatu hizi nilikuwa roho juu. Nina miaka mitatu hapa ninasomea unesi na ukunga, umebaki mwaka mmoja. Mwezi wa tano ukoo mmoja wa kwetu ulipeleka watu kwa Mjomba kuniposa. Kwetu baba hana kauli juu ya mtoto. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni kaka yake mama. Mjomba akisema nimalize masomo, namaliza. Akisema nirudi niolewe, nafunga mzigo, hata baba yangu alie machozi ya damu. Na Sista mkuu amekwisha kuniambia kwamba Jumatatu, yaani kesho asubuhi, anapanga majina ya mwaka wa mwisho, na anataka jibu la mkubwa wangu, ndiyo au hapana. Hawezi kumwekea nafasi mtu atakayeozwa katikati ya mwaka.

Kwa hiyo nilipomwona Mjomba pale getini, nilisema moyoni, Mungu mkubwa, jibu limekuja kwa miguu yake lenyewe.

Nikapiga magoti, nikawasalimu, nikawapa maji ya kunawa, nikawapikia. Nikasubiri. Mjomba akala ugali taratibu, akanawa, akajifuta ndevu, akasema: "Tumekuja kutembea tu. Tunataka tuione hiyo Nachingwea."

Basi.

Nilimfuata Mama jikoni. Akanong'ona, "Mjomba wako ana neno." Neno gani, Mama? "Analo mwenyewe." Nikauliza habari za nyumbani, za baba, za mdogo wangu Veronika anayenifuata. Wote hawajambo, akasema, akaendelea kunyonyoa kuku.

Sista alinipa ruhusa Jumamosi kutwa na leo baada ya Misa, kwa sharti kwamba saa kumi na mbili jioni, majina yakiitwa, niwe kwenye mstari. Nikasema haya, nitawatembeza, nitawachosha, na mtu akichoka husema.

Loo! Nani alichoka?

Kutembea na Mjomba si kutembea, ni kusimama. Hampiti mtu. Anavua kofia, anasalimu, anauliza usiku ulikuwaje, kisha anaingia ndani: wewe ni wa ukoo gani, na mama yako alizaliwa wapi, na mjomba wako yu hai? Kutoka hospitali mpaka madukani ni mwendo wa robo saa. Sisi tulitoka saa mbili tukafika saa nne. Wa kwanza alikuwa Myao, wa pili Mmakua, wa tatu fundi wa matrekta kutoka Nyasa ambaye hana undugu nasi hata wa kusingizia. Mjomba akambana vivyo hivyo, mpaka ikapatikana kwamba mkewe fundi aliwahi kukaa jirani na mtu aliyewahi kumtengenezea Mjomba shoka. Wakashikana mikono kama ndugu waliopotezana vitani. Mimi nimesimama juani na kiatu kinanibana.

Nikawapeleka kwenye uwanja wa makatapila. Yamepangwa mistari na mistari, mengi hayatembei tena, nyasi zimeota mpaka kwenye viti. Mjomba akalizunguka moja akihesabu hatua, akaligonga kwa fimbo, akainama akachungulia chini kama anayenunua ng'ombe. Halafu akaangalia lile tambarare lisilo na mti hata mmoja mpaka macho yanapoishia.

"Miti iliyokuwa hapa ilikuwa ya nani?"

Nikasema si ya mtu, lilikuwa pori.

"Hakuna pori lisilo na mwenyewe. Waliulizwa?"

"Mjomba, mimi nesi. Sikung'oa mti wowote."

Lilinitoka hivyo hivyo, kwa sauti kavu. Mama aliniangalia. Hakuna mtoto wa kwetu anayemjibu mjomba wake namna ile, awe nesi, awe nani. Mjomba mwenyewe akajifanya hakusikia, akaenda kugonga katapila la pili.

Halafu gari la moshi. Hilo ndilo walilolitaka kuliko yote, maana kwetu walikwisha kutangaza kwamba wanakwenda kuliona. Watu wa stesheni walisema linafika saa saba. Gari letu la moshi lina tabia ya bibi harusi, linafika likipenda. Tulikaa kivulini kwenye magunia mpaka saa tisa. Mama akasinzia. Ndipo likaja, linapiga honi, linatoa moshi, ardhi inatetemeka, Mama akashtuka akanishika mkono kwa nguvu. Nikageuka kumwonyesha Mjomba. Mjomba hayupo!

Alikuwa nyuma ya ghala na mzee mmoja wa Kimakua, wamechuchumaa, wanachora ukoo ardhini kwa kijiti. Nikamwita. Akaninyooshea kiganja, subiri. Nikamwita tena, Mjomba, gari! Kiganja. Likashusha watu, likashusha mizigo, likarudi kinyumenyume kwenda kulala bandani kwake. Alipokuja ilikuwa imebaki harufu tu ya mafuta na makaa. Akaitazama reli kulia, akaitazama kushoto.

"Ni hivi tu?"

Nilitaka kujilaza pale pale relini.

Lakini kuna jambo jingine la jana, na nisipoliandika daftari hili litakuwa la uongo. Mama ana ndonya, kile kipande cha mti kilichopenyezwa kwenye mdomo wa juu, na chale uso mzima, kama wanawake wote wa rika lake kwetu. Huo ndio uso ulioniamsha kila asubuhi ya utoto wangu, na sijui mwingine mzuri kuliko huo. Kule madukani madereva walikuwa wanamnyooshea vidole. Wasichana wawili wa mwaka wa kwanza, tena wa hospitali yetu, walifunika midomo wakacheka. Nikaanza kutembea mbele. Hatua mbili, kisha tano, kisha kumi. Nikajiambia ninawaonyesha njia. Njia gani? Barabara ni moja, imenyooka, hata kipofu angefika. Mama hakunikimbilia. Niliposimama alifika polepole, akaanza kushika kanga za Mhindi kana kwamba hakuna lililotokea.

Nilimwonea haya mama yangu. Nimeandika, isomeke.

Jioni akataka aone wodi ya wazazi. Nikampitisha haraka haraka, hiki kitanda, hili beseni, huu mzani wa watoto, twende. Yeye akashika chuma cha kitanda akauliza, "Uchungu ukimpanda, anamshika nani?" Anashika kitanda, Mama. Akatikisa kichwa. Kulikuwa na mwanamke wa Ruponda ameanza kuumwa. Mama akavuta kigoda, akakaa, akampa mkono wake, hakutoka mpaka Sista alipokuja. Nikaanza kuomba radhi. Sista akasema mama yako ana mikono mizuri. Hata hilo lilinikasirisha, sijui kwa nini.

Na neno? Neno hakuna! Nilimtegea Mjomba kila mtego. Nikasema, Mjomba, Jumatatu Sista anapanga majina. Akasema, "Vizuri. Majina yapangwe." Nikasema, wale watu waliokuja na posa hawajambo? "Hawajambo, wanakusalimu." Nikamkaangia mayai. Akala, akashukuru, akauliza kuku wa hapa wanakula nini.

Leo baada ya Misa akasimama akakung'uta kaptula. "Sisi tunarudi," akasema. Basi. Siku tatu, miguu imeniota malengelenge, na mtu anarudi na jibu langu mfukoni kama ugoro.

Nikapandwa na hasira. Lakini nikajizuia, nikasema ngoja nifanye la maana. Ndugu yake Skolastika anaendesha lori la mbao, na leo lilikuwa linakwenda Masasi saa sita. Nikambembeleza awachukue. Nilijiona nimefanya jambo kubwa: njia ya siku mbili wataimaliza mchana mmoja. Na ukweli mwingine, lori lingenipunguzia mimi kuwasindikiza kwenye jua lile, na Mjomba akisalimu kila kichuguu.

Mjomba alilitazama lori. "Na wewe?"

"Mimi nabaki, Mjomba. Nina kazi."

Sikuwa na kazi yoyote.

"Hutusindikizi?"

"Lori litawasindikiza."

Na nikacheka. Yesu na Maria, nilicheka!

Hakubisha. Akapanda. Nikamsukuma Mama kwa nyuma naye akapanda, wakakaa juu ya mbao. Mjomba akanitazama kutoka kule juu, akafungua mdomo, injini ikanguruma, akaufunga. Likabaki vumbi.

Nilirudi bwenini nikajitupa kitandani na viatu vyangu, nikamlaani mjomba wangu kwa lugha zote ninazozijua. Kesho nitamwambia Sista nini? Nikisema ndiyo, nimemtilia Mjomba maneno kinywani, na kwetu hilo ni kosa ambalo mtu hafi nalo peke yake, ukoo mzima hulilipa. Nikisema hapana, nimejifukuza mwenyewe. Nikisema sijui, Sista atafunga kitabu.

Skolastika akaingia na nguo zake za kupiga pasi. "Haya, amesema?"

"Hajasema."

"Mliagana wapi?"

"Hapo getini. Nimewapandisha lori la kaka yako."

Akaacha kukunja. "Hukuwasindikiza? Felista! Wewe mtu wa wapi? Mjomba wangu hata akija kuomba chumvi, husubiri tufike njiani."

Nikaketi wima kitandani.

Najua hayo. Nimezaliwa nayo! Kwetu neno zito halisemwi ndani ya ua wa watu. Huwezi kula ugali wa mtu kisha ukamtia simanzi chini ya paa lake, naye hawezi kukukasirikia ungali mgeni wake. Mgeni anatembezwa, anakula, analala, anaaga. Mwenyeji anamsindikiza. Wakifika pa kuachana, wamesimama, kila mmoja na njia yake mbele yake, hapo ndipo neno linatoka. Likikufurahisha, unakwenda nalo. Likikuuma, unakwenda nalo pia, na hakuna wa kulala na mwenzake ndani ya nyumba moja na hasira. Kumbe siku tatu zote Mjomba alikuwa anangoja nimtoe, na mimi nangoja aseme. Miaka mitatu ya kengele na saa ya ukutani, na jambo ambalo mtoto wa kwetu wa miaka kumi analijua limenitoka, mpaka nikumbushwe na Mmwera! Nikalia. Sikulia kwa huzuni, nililia kwa kujichukia.

Kabla ya saa kumi mlinzi akaniita getini. Mtu wa baiskeli kutoka barabara ya Masasi ameleta salamu: kuna mzee na mama wamekaa kwenye kijito, maili tatu kutoka hapa. Anasema walimgongea dereva asimame, wakashuka, dereva akawafokea akaenda zake. Ameuliza wana shida gani, wamemjibu hawana shida, wanamngoja binti yao wa hospitali aje awasindikize.

Tangu saa sita u nusu. Juani!

Nilikimbia na viatu vya Misa. Sikumsalimu mtu njiani, Mjomba angekufa kwa aibu. Nilipofika alikuwa amelala chali, kofia usoni. Mama amenyoosha miguu, anaosha nyayo majini. Nilitegemea nitukanwe. Heri ningetukanwa.

"Umefika," akasema Mjomba. Akaamka, akajikung'uta. Nikabeba mzigo wa Mama, tukavuka kijito, tukatembea watatu pamoja kiasi cha hatua mia mbili. Kisha akasimama. Nikamrudishia Mama mzigo wake.

"Neno lenyewe ni hili," akasema. "Maliza masomo yako."

Nilitaka kurukaruka. Papo hapo hasira ikanipanda upya, nikataka kupiga kelele: maneno matatu! Maneno matatu, Mjomba, ungeyasema Ijumaa pale getini nikalala usingizi! Nilikwisha kuvuta pumzi ya kuyasema hayo.

Hakuwa amemaliza.

"Ukoo ule ni watu wetu. Tulikwisha kupokea kuku wao na unga wao, hatuwezi kuwarudisha hivi hivi. Nimewapa Veronika. Watamchukua kabla ya mvua."

Mama alikuwa anaangalia barabara.

Nikauliza Veronika amesemaje.

"Aliuliza kama wewe utamaliza. Nikamwambia utamaliza. Akasema sawa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mila iliweka neno la namna hii njiani. Nilikuwa na haki ya kukasirika na kwenda zangu. Nilikasirika. Nilimtazama mjomba wangu usoni, jambo ambalo sijawahi kulifanya, naye akakubali kutazamwa. Ana macho yaliyochoka. Sikusema neno baya, wala sikushukuru. Mama akanishika kifundo cha mkono, akakishikilia muda mrefu, akaniachia. Wakashika njia ya kusini, yeye mbele, Mama nyuma. Nikasimama mpaka walipopinda.

Nikawahi kuitwa majina. "Felista?" Nipo, Sista.

Skolastika amenikumbatia, amenipikia chai, anaimba. Anasema kesho tutaandikwa pamoja mwaka wa mwisho, mimi na yeye, na mbona nimenuna kama niliyekatazwa? Nimemwambia miguu inauma. Kweli inauma.

Kesho Sista atauliza, nami nitasema ndiyo. Najijua, nitasema. Sitakuwa na ujasiri wa kusema kingine, na sijui hata kama huo ungekuwa ujasiri au ujinga, maana nikirudi sasa Veronika hapati kitu, wamekwisha kupewa jina lake. Nina hasira na Mjomba, na wale watu na kuku wao. Ninayemkasirikia zaidi ni msichana mmoja aliyekaa hapa siku tatu akiomba Mungu jibu liwe ndiyo, asiulize hata mara moja nani atakayelilipa.

Nimechana karatasi mbili nikijaribu kumwandikia mdogo wangu. Ya tatu nilifika mbali, nilijaza ukurasa mzima, nikamweleza kila kitu, nikamwomba anisamehe, nikaikunja, nikaandika jina lake juu. Ndipo nikakumbuka kwamba Veronika hajui kusoma. Masista wa kwetu walikuwa wamemwahidi kumwanzisha darasa mwakani.